Inchi Tatu za Mninga

Msinicheke kabla sijamaliza. Mwanaume yeyote aliyewahi kupenda kwelikweli angefanya nilichofanya mimi, ila labda yeye asingekuwa na msumeno, gundi na vipande vya mninga mkononi.

Jumatatu ile, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya stuli katika chumba cha mafunzo pale hospitalini Ifakara, nafunga fimbo ya pazia. Nikageuza macho kidogo tu. Nikaona mkono wa Dokta Ildefonce uko juu ya mkono wa Sikitu wangu.

Juu yake kabisa, jamani. Vidole juu ya vidole. Sikitu amekaa, yeye amesimama nyuma yake, ameinama mpaka kidevu kinakaribia kugusa zile nywele alizosukwa Jumamosi na dada yangu Marsiana. Nywele nilizozisubiri mimi barazani saa tatu nzima!

"Taratibu, Daktari," alisema Ildefonce, kwa ile sauti yake ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Usisukume. Kiache kifimbo kiingie chenyewe. Umehisi mwisho?"

"Nimehisi," Sikitu akajibu.

"Basi hapo hapo. Ukipita hapo, umetoboa."

Mbele yao kulikuwa na sanamu la plastiki, nyonga ya mwanamke kuanzia kitovuni hadi mapajani, na ndani yake kizazi cha mpira, ambacho kifimbo kile kilikuwa kinapima kina chake. Madaktari wanane walikuwa wamekusanywa wiki nzima kufundishwa kazi za akina mama zinazofanyika chumba cha daktari bila kumpeleka mtu thieta kupasuliwa: kuweka kitanzi cha kupanga uzazi, kuchukua kinyama kidogo cha kupima kwenye mlango wa kizazi, kusafisha kizazi kwa bomba la mkono mimba inapoharibika. Mambo ya kusoma ubaoni walishayamaliza vyuoni. Hapa kila mmoja alishika kwa mikono yake, kwanza kwenye sanamu, halafu Alhamisi kwa akina mama wenyewe. Na sheria ilikuwa moja: atakayetoboa kizazi cha mpira mara tatu hamgusi mwanamke yeyote. Anafunga begi lake na kurudi bila cheti.

Yote hayo niliyajua. Meza nne za kuwekea masanamu nilizitengeneza mimi Agapiti, fundi wa Kibaoni, kila moja inchi ishirini na nane toka sakafuni kama Dokta Ildefonce, mwalimu wao, alivyoagiza. Nilijua ni kazi. Lakini kujua kunakaa kichwani, na mimi siku ile nilikuwa naungua kifuani.

"Fundi," Ildefonce akaniita bila kugeuka, mkono wake bado uko palepale. "Hiyo fimbo ya pazia haijakaa tu?"

"Bado, Dokta. Hii inataka uangalizi."

Sikitu akacheka puani. Ananijua.

Mchana nilimngoja kwenye banda la baiskeli. Akaja amevaa koti lake jeupe, kalamu mfukoni, na mimi hata kabla hajafika hasira ikaanza kuyeyuka. Ndivyo alivyo yule binti. Ukimwona anakuja unasahau ulichotaka kumwambia.

"Umenuna," akasema.

"Sijanuna."

"Ukinuna unachezea kengele ya baiskeli. Ona."

Nikaondoa kidole kwenye kengele. "Ni lazima akushike mkono?"

"Anatushika wote, Agapiti. Hata Dokta Marcelino na midevu yake yote ile kashikwa asubuhi."

"Marcelino sikumwona."

"Hukumtazama!" Akaniangalia kwa yale macho yake makubwa, nusu anacheka, nusu amekereka. "Ni sanamu la plastiki."

"Mkono wake si wa plastiki."

Akatikisa kichwa. Kisha akashika usukani wa baiskeli yangu, akaanza kusema polepole, na nikajua linakuja neno.

"Dokta Ildefonce anatafuta mmoja wetu wa kwenda Dar miezi sita, ajifunze kufundisha wengine. Anasema mimi nina mkono mwepesi."

"Anasema una nini?"

"Mkono mwepesi."

"Kaupima kwenye mzani?"

"Agapiti! Nakuambia jambo la maisha yangu, wewe unaniletea mzani?"

Nikauacha mzani. "Na Jumapili je?"

Jumapili ndiyo siku baba yangu mdogo Kelestini, mshenga wangu, alikuwa apeleke barua ya posa Namawala kwa Mzee Kija, baba yake Sikitu. Mzee yule Msukuma ana ng'ombe wengi na maneno machache, na machache aliyoyasema juu yangu yalishanifikia: kwamba hakumsomesha binti yake miaka yote ile aje anuke vanishi.

"Jumapili mshenga aje kama tulivyopanga," alisema Sikitu. "Kwani nimebadilika? Ila nisikilize. Nikiwa na cheti mkononi, nitaongea na baba nimesimama. Nikirudi mikono mitupu, ataniambia hata udaktari wenyewe umenishinda, kuchagua mume nitakuweza? Niachie wiki hii tu, mpenzi wangu. Wiki moja."

Mtu mwenye akili angesikia hapo. Mimi nilisikia Dar, nikasikia miezi sita, nikasikia mkono mwepesi. Mengine yalipita tu.

Alasiri, madaktari walipokwenda kunywa chai, nikamwambia mlinzi kwamba meza namba tatu, ile ya Sikitu pale kona ya dirishani, inayumba na nataka kuitia viatu. Nilikuwa na vipande vinne vya mninga, kila kimoja inchi tatu. Nikavibandika chini ya miguu kwa gundi na misumari, nikapaka rangi ileile. Kazi safi, hata mungu wa maseremala asingeona kiungo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: meza ikipanda, Sikitu atashindwa kukaa, atasimama. Akisimama, huyo bwana hana sababu ya kuinamia bega la mtu. Nikaenda zangu Kibaoni napiga mluzi.

Jumanne nikarudi na fimbo nyingine ya pazia. Usiniulize pazia zilikuwa ngapi.

Kumbe wao hawafanyi kazi wamesimama. Mwalimu wao alishawaambia daktari akae, macho yake yawe sawa na kazi yake. Sikitu akakaa, akasogeza stuli, akakaa tena. Mabega yakapanda. Na Ildefonce, ambaye kwa mabega yale kweli hakuweza tena kuinama nyuma yake, akazunguka akavuta kiti, akakaa upande wa kichwani mwa meza, uso kwa uso naye.

Hapo lazima nieleze. Madaktari wale walifanya kazi wawili wawili. Mmoja anafanya, mwenzake anakaa pale ambapo kichwa cha sanamu kingekuwa, na kuwa sauti ya mama. Analalamika, anauliza, anaogopa. Ildefonce alisema sanamu halisemi, ndiyo maana watu wanalichoma ovyo, kwa hiyo lazima mtu alisemee. Na mama akisema "acha", mkono unatoka papo hapo, hata kama imebaki nukta moja. Mwenzake Sikitu alikuwa Dokta Hilari, na Hilari alilala wodini na malaria tangu Jumatatu jioni. Basi mama akawa mwalimu.

"Naogopa, Daktari," alisema Ildefonce.

"Usiogope," Sikitu wangu akamjibu, laini, macho yamemtulia usoni. "Niko hapa na wewe. Vuta pumzi taratibu. Sitakuacha."

Sitakuacha! Mimi mwaka mzima nimelibembeleza neno hilo, nimelipata mara moja, tena kwenye giza la mvua kituoni. Huyu kalipata saa tatu asubuhi, bure, mbele ya watu. Na ni mimi niliyemtoa nyuma nikamweka mbele, nikamkabidhi na macho ya Sikitu juu! Bisibisi ikaniponyoka ikaanguka sakafuni.

Kisha nikasikia sauti ndogo ya mpira kuachia.

"Umetoboa," alisema Ildefonce, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

Sikitu akachomoa kifimbo. Akarudia baada ya nusu saa. Nikiwa juu ya stuli niliona vizuri: kwa vile meza iko juu, kiganja chake kilikuwa kimevunjika kwenda juu, na kifimbo badala ya kwenda na njia kikapanda na ukuta. Kikatoboa tena.

"Mbili," alisema mwalimu. Hakufoka. Aliandika tu. "Jana ulikuwa wa kwanza, Daktari. Leo kuna nini?"

"Sijui," akasema Sikitu. "Sijui kabisa."

Nilimkuta bombani nyuma ya jengo, ananawa mikono. Alikuwa anainawa kama ina kitu kisichotoka.

"Imekufa," akaniambia. "Agapiti, mikono yangu imekufa. Jana ilikuwa inasikia kila kitu, leo haisikii. Kesho nikitoboa, basi."

Neno lilikuwa hapa, kwenye koo. Ningelisema pale, yangeisha pale. Lakini nawaambia ukweli wote, hata ule unaonitia aibu: ndani yangu kulikuwa na kijisauti kinasema, akishindwa haendi Dar. Akishindwa anabaki Ifakara, na Ildefonce anapanda basi lake, na nywele zile zinasukwa barazani kwetu maisha.

"Utaweza tu," nikasema, nikamshika bega.

Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano ndiyo ilikuwa mtihani. Nilifika mapema na nyundo. Nilishaamua kwamba nitasema nikipata nafasi, na tangu asubuhi nilikuwa nazikwepa nafasi zote. Ilipofika zamu ya meza namba tatu, Ildefonce akatazama huku na huku.

"Leo napima, siwezi kuwa mama. Wengine wote wako kwenye meza zao. Fundi! Wewe umekaa na sisi siku tatu, unajua kila kitu. Njoo uwe mama."

Chumba kizima kikacheka. Sikitu hakucheka. Alinitazama nikishuka kwenye stuli, nikikaa kichwani kwa lile sanamu, kofia mkononi, na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Karibu, mama," alianza. "Naitwa Dokta Sikitu. Wewe unaitwa nani?"

"Mama Rosa," nikasema. Wakacheka tena.

"Mama Rosa, leo nitakuwekea kitanzi. Kabla ya kukugusa nitakuambia. Ukihisi maumivu, ukiwa na hofu, ukitaka tu kupumzika, sema acha, nami nitaacha. Siendelei bila ruhusa yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Una wasiwasi?"

"Ninao," nikasema, na Mungu anajua sikuwa naigiza.

"Usiogope. Niko hapa na wewe."

Ilikuwa sauti ileile ya jana. Neno kwa neno. Lakini sasa nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti chenyewe, na nikaona kwamba macho yale hayakuwa ya mapenzi hata kidogo. Yalikuwa yananichunguza paji la uso, mdomo, mabega, kuona kama naumia. Alikuwa anafanya kazi. Nikajisikia mdogo sana.

Akachukua kifimbo. Akakaa vizuri, akasogeza stuli, mabega yakapanda. Nikaona kiganja kinaanza kuvunjika kwenda juu. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya pua. Kifimbo kikaingia, kikaanza kupanda na ukuta, na kilikuwa kimebakisha kidogo tu.

Dar. Miezi sita. Nyamaza tu, Agapiti, hutaonekana.

"Acha!" nikasema.

Mkono wake ukatoka papo hapo. Hakuuliza, hakumalizia. Ukabaki hewani na kifimbo chake.

Ildefonce akasogea. "Mama Rosa, unaumia wapi?"

"Meza," nikasema.

"Meza?"

"Hii meza, Dokta. Ina inchi thelathini na moja. Mimi niliiongeza tatu, Jumatatu." Nilisimama. Nilitaka kumtazama Ildefonce, lakini nikamtazama Sikitu. "Niliiongeza ili usiweze kuinama nyuma yake. Nilikuwa na wivu. Hizo tundu mbili si zake. Ni zangu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Marcelino akaacha kazi yake na mdomo wazi katikati ya ndevu. Sikitu alikuwa ananitazama kana kwamba hanifahamu.

"Una msumeno?" aliuliza Ildefonce.

"Ninao."

"Kata."

Nilikata mbele ya madaktari saba, nimepiga magoti, unga wa mninga unaniingia puani. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kila kilipoanguka Sikitu alikiokota akakitia mfuko wa koti.

Nilipomaliza, Ildefonce akaniambia, "Kaa hapo." Kwenye stuli ya Sikitu! Akanipa kile kifimbo, akasimama nyuma yangu, akainama, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Sukuma kidogo. Umehisi? Sasa acha kiende chenyewe."

Mkono ule ulikuwa mkavu, mzito kidogo, hauna habari na mimi. Ulikuwa unasikiliza mpira tu. Na ghafla nikamkumbuka marehemu Fundi Fulgensi, aliyenifundisha kupiga randa pale Kibaoni, alivyokuwa akinishika mkono hivihivi mpaka mbao ikaanza kuimba. Kwa nini nilimsahau Fulgensi siku mbili nzima?

"Umeelewa, Fundi?"

"Nimeelewa, Dokta. Nisamehe."

"Mwenye kusamehe si mimi." Akamgeukia Sikitu. "Daktari, anza upya. Mama Rosa, rudi mahali pako."

Akaanza upya. Mkono ukanyooka, kifimbo kikaenda na njia, kitanzi kikakaa. Ildefonce akachungulia, akaandika, akasema kitu ambacho sitakisahau: "Tundu mbili nazifuta. Lakini cheti sikupi kwa sababu ya hiki kitanzi. Nakupa kwa sababu aliposema acha, uliacha. Wenzako wawili leo walimalizia kwanza."

Nilidhani Sikitu atafurahi. Kwenye banda la baiskeli alinijia macho yamejaa machozi.

"Siku mbili, Agapiti. Siku mbili niliamini mikono yangu imekufa. Nililia bombani, wewe umenishika bega!"

"Nilikuwa..."

"Utaweza tu, ndicho ulichoniambia! Ulijua!"

"Nilijua."

"Ningemtoboa mtu kesho, je? Mtu wa kweli, mwenye watoto nyumbani?"

Nilichezea kengele. Akaniangalia kidole, akafuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Na Jumapili?" nikauliza. "Mshenga aje, asije?"

"Sijui," akasema. "Sasa hivi hata kukutazama siwezi." Akaondoka, vipande vyangu vinagongana mfukoni mwake.

Ba' mdogo Kelestini alikwenda hivyohivyo, maana alisema barua ikishaandikwa haikai kabatini. Tuliifunga katika kitambaa cheupe alichoshona Marsiana. Nilishinda Jumapili nzima barazani, sikula wali, sikula samaki. Saa kumi jioni nikaiona baiskeli yake inakuja, na kwenye usukani kinaning'inia kitambaa kilekile cheupe, kimefungwa na kujaa.

"Wamerudisha," nikamwambia Marsiana.

"Subiri afike kwanza, wewe!"

Ba' mdogo akaegesha baiskeli, akaomba maji, akanywa kikombe kizima huku mimi nakufa.

"Shikamoo, Ba' mdogo. Mzee kasemaje?"

"Marahaba. Mzee Kija hana maneno mengi. Binti alisimama mbele yake, cheti mkononi. Akasema, baba, huyu fundi aliniharibia mtihani kwa wivu wake, halafu akajisema mwenyewe mbele ya watu wote. Mzee akauliza, alijisema? Hakukamatwa? Binti akasema, hakukamatwa, na angenyamaza asingejulikana. Basi mzee akageuka kutazama zizi lake, mimi nikaona tumekwisha. Halafu akasema, mimi ng'ombe wangu wameingia mpunga wa watu mara nyingi. Najua ilivyo ngumu kwenda kugonga mlango wa mtu kabla hujatafutwa. Mwambie aje tuongee mahari."

Marsiana akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Mimi nikafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya mninga na karatasi.

"Agapiti," aliandika, "hivi vitatu ni vyako, viweke karakana uvione kila siku. Cha nne nakwenda nacho Dar Alhamisi, maana nimechaguliwa. Ukinifanyia tena wivu wa kuharibu kazi yangu, nitakirudisha kwa mkono wa mshenga, na utajua maana yake. Wivu wa kawaida nakuruhusu. Uvumilie kama ninavyouvumilia wangu, au unafikiri sijui Jenifer wa duka la misumari anakupimia gundi huku anacheka nini? Niko hapa na wewe. Sitakuacha. Na safari hii simwambii mgonjwa. Wako, Sikitu."

Nilisoma mara mbili. Nililia, ndiyo, nilie nisilie inakuhusu nini? Kisha nikageuza karatasi, nikaona chini kabisa pembeni: "Dokta Ildefonce anakusalimu sana."

Anakusalimu sana. Mafunzo yalifungwa Jumamosi saa sita. Leo Jumapili. Kamwona lini?

"Unakwenda wapi?" aliuliza Ba' mdogo.

"Namawala," nikasema. Kiatu kimoja nilishakivaa.

Nikatazama vile vipande vitatu juu ya meza, vimejipanga, nafasi ya cha nne iko wazi.

Nikakaa. Kiatu nikakivua, na mtu asiniulize ilinichukua muda gani.